Pepe

Walipoiita pepe nilidhani wamesema nyepesi,
kama mapepe ya uwele aliyopeperusha mama
kule Mpwayungu, ungo ukiruka,
punje zikibaki, upepo wa Julai ukichukua fungu lake.
Hakuna aliyenionya kwamba hizi hazipeperuki.

Seva yetu ipo Makole, chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua.
Imejaa asilimia tisini na saba.
Mkurugenzi kasimama mlangoni, funguo za gari zikicheza kidoleni:
"Yusto, futa za zamani. Nani anasoma za zamani?"

Mkaguzi ameandika: miaka saba, msiguse kitu.
Mwanasheria ameandika: mkitunza kuliko mnavyohitaji, mtajibu.
Nimezitunza zote mbili.

Nafungua sanduku la Sista Mbeleje.
Tulimzika Machi mwaka juzi, Veyula, mvua ikinyesha,
ila sanduku lake hatukulizika.
Nywila bado ipo kwenye kikaratasi chini ya kibodi,
mwandiko wa muuguzi, umelalia kulia:
Zabibu, na mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake.
Barua elfu kumi na moja.
Vikao. Mchango wa harusi. Mchango wa harusi, tena.
Orodha za dawa. Majina, umri, kijiji,
na kwenye safu ya mwisho
alama ndogo ya kujumlisha.

Na kumbukumbu za mtambo zinasema, kwa lugha yao kavu,
kwamba Jumanne, saa nane na dakika tano usiku,
marehemu aliingia.
Alikaa dakika arobaini.

Nilitoka nje, nikanywa maji.
Vumbi lilikuwa linavuka barabara bila kuangalia pande zote.

Mwanasheria anashauri tuandike "hitilafu ya mfumo".
Mfumo ni nani?
Mfumo ni mimi, niliyekiona kile kikaratasi mwaka mzima
hadi kikawa sehemu ya meza.

Kuna moja, fupi, ya mtu wa Hombolo, Ndahani:
"Sista, majibu yangu naomba yakae kwako tu.
Hapa nyumbani simu ni moja, tunaishika wote."
Naye akamjibu: "Yapo kwangu. Lala."

Basi napepeta.
Michango, nenda. Vikao vya chai, nendeni.
Sanduku nimelifunga, kikaratasi nimekichana
vipande vidogo sana, kana kwamba hilo linasaidia.
Ya Ndahani bado imo kwenye ungo.
Nikiifuta, nafuta ushahidi kwamba tuliahidi.
Nikiiacha, marehemu anaweza kurudi.

Kesho nakwenda Hombolo kwa pikipiki ya ofisi.
Sijaomba ruhusa. Sijui nitaanzaje;
salamu kwanza, labda, kisha hali ya mtama,
kisha nimwombe tukae
mahali ambapo ile simu haipo.