Kilo Sabini na Saba

Saa tatu usiku, ghorofa ya nne, Lang'ata.
Nimegonga ukuta, jirani amepunguza redio.
Navuta kiti cha plastiki: hapa ndipo anapokaa rubani.
Usukani ni wa kuchezea watoto, nimeuokota Gikomba,
na mpini wa mafuta ni bomba la sinki
alilonichomelea Kipruto wa karakana,
aliyecheka kwanza,
kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama ndege inapanda vizuri.

Mchana mimi ni mpima mizigo pale Wilson.
Miaka kumi na tisa mbele ya mizani.
Nimepima magunia, majokofu ya chanjo,
injini ya boti, mbuzi wawili wa mahari,
na jeneza dogo, fupi kama kabati la viatu,
ambalo sikuliandika kilo
mpaka nilipoambiwa mara ya pili.
Nimepima watu pia.
Watu huvuta tumbo ndani wakipanda mizani,
kana kwamba tumbo likivutwa huenda kwingine.
Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege.

Humu ndani nimeweka asubuhi.
Mashine imeniletea abiria tisa:
watatu wana sura moja na shati moja la buluu,
na wote, wake kwa waume, wana kilo sabini na saba.
Sabini na saba!
Aliyeandika haya hajapima mtu.
Basi nawarudishia miili yao.
Kiti cha pili, Nakwawi, arobaini na nane, shanga kilo mbili.
Kiti cha tano, Bwana Ogutu wa visima,
mia moja na kumi na nne, na hataki zitajwe.
Nyuma kabisa, mwalimu Halkano
na katoni ya chaki aliyokataa kuiachia.

Naondoka njia ya kumi na nne.
Mbuga chini, twiga wa kuchorwa hawainui shingo.
Nakata kushoto, mabati ya Mukuru yananimulika usoni,
kisha mashamba, kisha Nyandarua na kofia yake ya mawingu,
kisha nchi inaacha kuwa kijani, haiombi radhi.
Saa nzima Ogutu amelala.
Ziwa likatokea ghafla, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango.

Loiyangalani, futi mia tatu.
Upepo wa Kulal ukanipiga ubavu,
nikaegemea kiti, bega langu halisi likagusa kabati halisi,
na stima ikaenda.

Tokeni.
Nilinunua unga, nikasahau tokeni.

Mwenye akili angeinuka atafute mshumaa.
Mimi mikono yangu ilikuwa bado imeshika,
na nyuma yangu walikuwepo watu tisa.
Nikarudisha bomba la sinki taratibu.
Pua kulia kidogo. Bawa la upande wa upepo, chini.
Nikahesabu futi kama ninavyohesabu kilo, bila kuharakisha,
jirani akapandisha redio, mtu akisoma bei ya mahindi,
nami nikamwambia Ogutu afunge mkanda.
Mia. Hamsini. Kumi.
Sijui kama magurudumu yalikuta changarawe.
Nilikaa gizani muda mrefu,
nikingoja mtu ashuke.

Asubuhi, Wilson, mwanamke mwembamba akapanda mizani
amejitanda leso pana, hakuvuta tumbo.
Nikaandika arobaini na nane
kabla mshale haujatulia.
Ukapita. Ukatulia hamsini na mbili.
Nikamtazama, naye akageuka kidogo,
akainua pindo la leso:
kichwa cha mtoto, nywele bado laini, amelala mgongoni.

Nikafuta. Nikaandika upya.
"Na huyu," akauliza, "ana kiti?"