Baada ya Futari, Ruwi

Saa nne ya usiku, na joto bado limekaa kwenye ngazi
kama mgeni asiyejua kuaga.
Runinga inahesabu kura za Wagiriki.

Mjomba Muhenna kapiga meza, vikombe vikaruka:
"Watoke! Sarafu ya shirika ni nguo ya kuazima,
na nguo ya kuazima—"
Kanyamaza. Mwezi wa Ramadhani,
methali hiyo ina neno lisilofaa.
Shangazi Zuwena kacheka ndani ya mtandio.

Sleyum, aliyesomeshwa uchumi Leipzig, hacheki.
"Wenye nacho wamekwisha hamisha tangu juzi.
Noti mpya atabaki nayo nani? Ajuza wa pensheni,
alale na mia, aamke na sitini."
"Basi wabaki, wanyongwe taratibu?"
"Wabaki, wagome."
"Miaka arobaini, Sleyum, wabaki wagome!"

Wafanyakazi, wanasema. Wafanyakazi. Mimi namimina kahawa.
Mimi ni dirisha la tatu, duka la kubadili fedha.
Leo Rafikul, mpiga plasta, kasimama pembeni
tangu asubuhi hadi adhuhuri
akingoja bei isogee baisa mbili.
Haikusogea. Katuma hivyo hivyo.
Pesa ya kwao inaitwa taka.

Ndipo Shangazi akaweka kikombe.
"Tulishuka Deira na shilingi, tukapewa rupia.
Mama alizikunja zile nyekundu, za kumi kumi,
akazishonea ndani ya mto. Nauli ya kaka.
Mwaka wa sitini na sita India ikashusha rupia yake.
Redio ilisema. Sisi hatukuwa na redio.
Mama kaenda dukani, mchele ukapungua.
Muuzaji akamwonyesha mizani:
tazama, mama, mizani ni ile ile."

Kimya. Kiyoyozi kikakohoa.

"Sasa wewe, Zuwena, watoke ama wabaki?"
"Mimi? Nani alituuliza?"

Runinga ikasema: HAPANA imeshinda.
Muhenna kasimama, kofia imekwenda upande, anapiga makofi.
Sleyum anauliza, hapana kwa lipi,
maana swali lenyewe halikutaja kutoka.
Wameanza tena. Daku itawakuta hapo hapo.

Kesho saa mbili nitabadilisha tarakimu za euro kwenye ubao
kabla mlango haujafunguliwa.
Rafikul hatazitazama.
Ataniuliza taka.