Uzi Usikatike

Radieta inachemka tangu Novemba.
Ghorofa ya tisa, Łódź, hewa imekauka
hadi mbao za sakafu zinalalama,
na Halszka, miaka thelathini na mmoja kwenye mashine za kusokota,
anajua kwa viganja kabla kipimo hakijasema:
asilimia thelathini na nne.
Uzi ungekatika.

Chatu si wake. Ni wa Gniewko,
aliyekwenda Norwe kuchomelea meli, miezi miwili tu,
akabandika karatasi jokofuni:
upande wa joto, thelathini na mbili;
upande wa baridi, ishirini na sita;
usimshike macho yakiwa maziwa.
Hii ni Machi ya pili.

Macho ni maziwa.
Anafunika nusu ya wavu kwa taulo bichi,
anajaza makumbi ya nazi kwenye kopo la aiskrimu,
si chepechepe. Nyevunyevu,
kama shuka linalongoja pasi.
Maji yakizidi, tumbo litafanya vidonda.

Kule kiwandani mvuke ulishuka kutoka darini,
uzi ukinawiri, wasichana wakikohoa.
Kipimo kilikuwepo. Cha uzi.

Usiku wa nne, mchakaricho.
Asubuhi ngozi imelala kando ya bakuli,
ndani nje, kama soksi ya mtu mwenye haraka,
nzima, na vile vifuniko viwili vya macho.
Anaiinua dirishani, kwa mazoea tu,
anaipitisha vidoleni akitafuta palipokatika.

Hapana.
Anakohoa. Anajaza tena chupa ya kunyunyizia.