Mbuzi wa Aikande

Mwaka jana nilifundisha majaribio ya programu
kwa slaidi sitini na mbili.
Wakanakili. Wakafaulu. Wakasahau
kabla wino wa cheti haujakauka.

Mwaka huu nikasema: tengenezeni mchezo wa kompyuta.
Wowote. Wiki kumi. Watu wanne wanne.

Kundi la dirishani, wale ambao mlima ukivua mawingu
huniacha nikiufundisha ubao,
wakachagua maji:
mfongo unateremka, migomba inangoja zamu,
na mbuzi mmoja mweupe, pembe moja, mwizi,
anayetafuna miche ukipepesa jicho.

Wiki ya tatu maji yakapanda mlima.
Nani kaweka jumlisha pa kutoa?
Sengondo akakagua dari.
Wiki ya nne Mbazi akafuta faili la Ndeshi, akidhani ni lake;
siku mbili wakala chipsi meza mbalimbali.
Hapo ndipo walipojua maana ya kuhifadhi matoleo.
Nilishawaeleza, Jumatatu, saa mbili asubuhi.
Saa mbili asubuhi lilikuwa neno tu.

Wiki ya nane mchezo unachezeka.
Maji yanashuka, mbuzi anaruka kwa madaha,
na wenyewe wanatembea vivyo hivyo.
Aikande akaja na mdogo wake kutoka Pasua,
darasa la pili, sare bado mwilini, magoti vumbi tupu.
Maelekezo hakuyasoma.
Aliweka viganja vyote viwili juu ya kibodi
kama anayekanda unga.

Mbuzi akapenya ukuta.
Akapenya mgomba, akapenya mfongo,
akafika ukingo wa kioo
na kioo hakikumzuia.

"Kaenda wapi?"

Wahandisi wanne, umri wao jumla miaka themanini na saba,
wakatazamana.

Usiku ule nilipita maabara, taa inawaka.
Umeme wa Moshi ukakatika, ukarudi,
na mtu akapiga ukelele gizani, "Nilihifadhi!"
kwa furaha ya aliyeokota pete yake chooni.

Alfajiri mbuzi akapatikana.
Mzima. Bado anatembea
kushoto, kushoto, hatua milioni mbili na ushei nje ya dunia,
kwa kuwa hakuna aliyemwambia dunia ina mwisho.
Mistari sita ikatosha kumrudisha.

Nikawapa themanini na moja.
Mtoto alipoletwa tena, akabonyeza, akabonyeza,
mbuzi akagota ukutani.
Akanigeukia mimi, si wao:
"Mbona mmemfungia? Alikuwa anatembea tu."

Sijui hilo nilipange wiki ya ngapi.