Daftari la Madeni

Huku juu maji huchemka upesi,
kabla hayajapata hasira,
kwa hiyo Ottilie Brandhuber aliongeza saa nzima motoni,
akikoroga shayiri kwa kasia la msonobari
huku mumewe, aliyeitwa mwenye kiwanda,
amelala.

Haya hayamo kwenye bango la mlangoni.
Yamo katika daftari lake,
nililolikuta nyuma ya bomba nikisugua sakafu.
Kijerumani chake nimekichambua kwa kamusi ya maktaba,
neno kwa neno, kama mchele wenye mawe.
Herufi A hadi D zimeliwa:
wadaiwa hao walisamehewa na panya.

Trevanion, mchimbaji: mapipa mawili. Atalipa Jumamosi.
Vukasin, mchimbaji: pipa moja, la matanga ya nduguye.
Trevanion tena. Atalipa Jumamosi.
Mwalimu: chupa sita. Asitajwe.

Fedha ilitoka mlimani, ikashuka kwa treni,
haikurudi hata kusalimia.
Calloway Fork ikabaki na mashimo na kiu.

Halafu sheria. Mwisho wa mwaka 1918
askari wawili walipanda na mashoka,
wakapasua mapipa thelathini na moja juu ya theluji.
Kijito kilitoa povu hadi darajani.
Bata wa kasisi walitembea mshazari siku mbili,
na kasisi, inasemekana, aliwaonea wivu.

Ottilie hakulia. Chachu alikwisha kuificha
ndani ya mtungi, chini ya gunia la unga.
Mficha uchi hazai, husema watu;
yeye alificha, na alichokificha kikazaa:
miaka kumi na minne ya mkate mweusi, mzito,
mji mzima ukitafuna
ulichokatazwa kumeza.

Sheria ilipolegea, alirudi kwenye sufuria
na mvi, na kasia lile lile.

Aliyemmaliza hakuwa askari.
Yalikuwa malori kutoka tambarare,
makopo ya bati, bei nusu,
bia nyepesi kama samahani ya mwanasiasa.
Waliokunywa kwake kwa mkopo
walilipa huko taslimu.
Daftari linalisema hilo kwa kurasa tupu, nimezihesabu,
arobaini na tatu.

Jengo likawa ghala la matairi,
kisha la mbao za kutelezea thelujini.
Sasa kijana Hollis anapika humo bia ya machipukizi ya msonobari,
dola tisa bilauri, watalii wanaipiga picha kwanza.
Ukutani ametundika picha ya mume:
Mwasisi.
Nimemwambia. Amesema ataangalia.

Jana nilimtafuta kitukuu wa Trevanion.
Anauza ndoana na chambo karibu na daraja.
Nikamwekea ukurasa juu ya kaunta.
Alisoma kimya, akavua miwani,
akauliza riba imefika ngapi.
Kisha, kwa uso mkavu kabisa:
Jumamosi.