Dakika Arobaini

Kiwandani kwetu, Lewiston, kwenye mbao,
mimi ndiye ninayenoa.
Meno ya msumeno nayajua kwa kidole gumba,
hivyo msiniambie tena kwamba sheria ni msumeno.
Msumeno haujui gogo ni la nani.
Anayejua ni yule anayelisukuma.

Asukulu, mtoto wa dada yangu,
sisemi hakukosa. Aliuza vidonge,
nami nilimfokea hadi sauti ikanikauka.
Lakini Travis aliyekuwa naye garini,
mfuko mmoja, usiku mmoja,
kapewa miezi minane.
Wetu kapewa miaka kumi na mmoja.
Jaji alikohoa, akafungua jalada lingine.

Na ile simu yake!
Siku mia moja na ishirini na saba
waliifuata bila hati, bila kumwomba hakimu yeyote,
kampuni ikawagawia nyayo zake kama karanga.
Hata mgeni wa usiku wa manane hubisha hodi.
Hata mwizi huogopa mbwa.

Wakili Ouellette alitandaza ramani juu ya meza yangu,
akasogeza chupa ya pilipili.
Nukta nyekundu: hapa kwa kinyozi.
Hapa zahanati, ambako hakutuambia kwamba alikwenda.
Hapa kwangu, kila Jumapili, saa ya ugali.
Na hapa, nje ya mji, ng'ambo ya mto,
nukta imesimama dakika arobaini,
Januari, baridi ya kupasua mawe.
Mwendesha mashtaka aliandika pembeni:
Anakutana na nani?

Rufaa itasikilizwa Machi, Boston.
Mke wangu ameuza sambusa mlangoni pa kanisa.
Wenzangu wa zamu wametia dola ishirini ishirini
kwenye kopo la misumari;
Pelletier alisema wauza vidonge hawapendi hata kidogo,
ila simu na yeye anayo.

Leo nimetia sahihi kiapo changu,
ukurasa mmoja tu.
Wakili alitaka nizieleze zile dakika,
na maneno yalichelewa kuja.
Pale amelala dada yangu.
Jiwe lake ni bapa, la bei nafuu, limelala sawa na ardhi,
theluji ikianguka halionekani.
Mtoto alikuwa akilitafuta jina la mama yake
kwa mikono, safu baada ya safu.