Majani Yanayotazamana

Bibi Krstinja hakuwahi kuiita dawa.
Aliiita "ile ya njano",
kama mtu anavyomtaja jirani asiyesemezana naye
ila hodi atampigia tu, baridi ikishaingia.

Jina lake linkura.
Huota juu Sinjajevina, miti ilikokata tamaa,
kuna nyasi, mawe, kondoo,
na upepo usiojua kuketi.
Mzizi huchukua miaka kumi kunenepa.
"Usichimbe wa rika lako," aliniambia,
nami nilikuwa na miaka minane.
"Chimba mmoja, acha tisa,
na shimo ulifukie,
usiliache wazi kama kinywa cha mlevi."

Tuliukata vipande, tukavitunga uzini,
vikaning'inia juu ya jiko pamoja na soksi za Babu.
Mwezi mzima nyumba ilinuka udongo na soksi.
Kisha kipande kimoja, kadiri ya ukucha wa dole gumba,
ndani ya maji baridi, usiku kucha.
Baridi, si ya moto. Moto huukasirisha uchungu.

Kwa tumbo lililojaa upepo.
Kwa ng'ombe aliyeacha kucheua.
Kwa Vuksan, aliyesusa chakula tangu mkewe azikwe:
alikunywa, akatukana watakatifu watatu kwa majina,
akaomba mkate.
Kwa mjamzito, hapana.
"Huyo ana uchungu wake unaomngoja," Bibi alisema,
akamrudisha kwao na jibini.

Lakini kabla ya kumpa mtu yeyote,
alikunywa yeye.
Kijiko kimoja. Kisha aliketi, mikono magotini,
macho kwenye saa ya ukutani,
nusu saa nzima, mgonjwa akigumia kwenye benchi.
Mimi nilidhani ni maringo,
kama padri anavyokawia madhabahuni ili aonekane.

Kuna mmea mwingine, chemerika.
Kimo kilekile, majani mapana yaleyale yenye mishipa,
malisho yaleyale, mara nyingine bega kwa bega.
Linkura huliamsha tumbo.
Chemerika huulaza moyo.
"Tazama majani," Bibi alinifundisha, kidole kikigusa bila kuchuma.
"Ya linkura hutazamana, mawili mawili,
kama watu wanaokula meza moja.
Ya chemerika hupishana, kila moja na ngazi yake,
kama ndugu waliogombea shamba."

Nikauliza: na yakishaanguka?

Alifuta kisu kwenye aproni, upande huu, upande ule.
Kisu kilikuwa safi.

Jibu nililipata siku ya matanga yake,
tukimenya viazi na Shangazi Jevrosima.
Mwaka fulani theluji ilitangulia.
Krstinja, miaka kumi na mitatu, alitumwa mlimani,
maana mdogo wao Milun alilia tumbo.
Majani yote yalikuwa yameshaoza.
Alichimba, akaosha, akaloweka, akamshikia kikombe.
"Ulikuwa mchungu," Shangazi alisema,
"mchungu sawasawa kabisa. Ndiyo maana."
Akachukua kiazi kingine,
akakimenya hadi kikabaki kama gololi.

Siku hizi ninakaa mjini, Nikšić, ghorofa ya nne.
Linkura naipata duka la dawa, ndani ya chupa ya kahawia,
ina lakiri, ina mhuri, ina tarehe ya kuisha.
Jana Ognjen alirudi shuleni akijishika tumbo.
Nikamimina. Nikanywa mimi kwanza.
Ulimi ukajikunja kama jani mbele ya moto.
Nikaketi.

"Mama, si imetoka dukani?"
Najua.
"Imeandikwa hapa."
Najua kusoma, mwanangu.
Mshale mkubwa wa saa
ulikuwa umetoka tatu kwenda nne, na tumbo lake likinguruma
chumba kizima, kama mtu wa chini anahamisha kabati.
Kaa, nikamwambia.
Kaa karibu nami. Hapa. Unitazame.